Wati 500 za Mdomo



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuhakiki vitabu, nyimbo na hotuba za wakubwa. Leo naleta kitu kidogo zaidi: fotokopi ya kurasa mbili, yenye mchoro mmoja na kichwa cha maneno kinachoahidi kwamba utajitengenezea konvertisa ya wati 500. Konvertisa ni ile ambayo ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaita inveta: kifaa kinachochukua umeme wa batri, volti 12, na kuugeuza kuwa umeme wa nyumba, volti 220. Mchoro huu wengi wenu mnaujua. Umepita ndani ya mabegi yetu, ndani ya simu zetu na, tusidanganyane, ndani ya TFC zetu. Naandika juu yake kwa sababu mwezi uliopita ulikaribia kuteketeza nyumba ya jirani yangu. Na mimi mwenyewe niko na deni ndani yake.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mtoto wa jirani anasoma ufundi, seksio ya umeme, mwaka wa mwisho. Mama yake anauzisha maji baridi na samaki, na frigo yake ndiyo duka lake lote. Delestaji ikizidi, samaki wanaharibika. Kijana akanunua fotokopi ile, akatafuta transfo ya radio ya zamani, transista mbili, batri ya gari iliyokwisha kutumika, akafunga kila kitu kwenye ubao. Ampuli ikawaka. Kartie nzima ikaja kuangalia. Kisha akafanya kile ambacho karatasi haikumkataza: akatengeneza kamba yenye vichwa viwili vya dume, kichwa kimoja kwenye konvertisa, kingine kwenye prizi ya ukuta, ili umeme uingie nyumba mzima. Frigo ikaanza kunguruma. Walifikiri inafanya kazi. Ilikuwa inashindwa kuanza.

Dakika chache baadaye umeme wa nguzo ukarudi. Ukaingia kwa njia ileile ambayo wa batri ulikuwa unatokea. Transista zikapasuka, waya za batri zikawa nyekundu, pazia likashika moto. Mama alilivuta kwa mkono, akaungua vidole. Frigo iliungua ubavuni, upande wa mota. Mimi nilifika na ndoo ya mchanga wakati kazi ilikuwa imekwisha.

Kijana alinipa karatasi, mikono inatetemeka. “Yaya, nilifwata paka vile karatasi inasema.” Mama yake, kitambaa cha maji kwenye mkono, aliniangalia mimi, si mtoto: “Injenieri, weye unajua bile bintu. Juu ya nini haukumwambia?”

Sikuwa na jibu. Basi uhakiki huu ni jibu langu, limechelewa.

Nianze na mazuri, kwa sababu yapo. Mchoro ule ni mzuri. Wazo lake linaeleweka hata na mtu asiyesoma umeme, kama amewahi kuona wamama wawili wakitwanga sombe katika kinu kimoja. Mmoja anapandisha mtwango, mwingine anashusha, zamu kwa zamu, na kinu hakipumziki. Konvertisa ya fotokopi inafanya hivyohivyo. Transfo iko na mikono miwili, volti 12 huku na volti 12 kule, na waya wa katikati unakwenda kwenye batri. Transista ya kwanza inafungua mkono wa kushoto, kisha inafunga. Ya pili inafungua mkono wa kulia. Mkondo mnyoofu wa batri unasukumwa mara huku, mara kule, na upande wa pili wa transfo unatokea mkondo geu. Ndiyo siri yote.

Anayepiga mdundo ni kipande kidogo, CD4047. Kinahesabu kwa rezista moja na kondensateri moja: frekwensi unaipata kwa kugawa 1 kwa 4,4 mara R mara C. Chukua kondensateri ya mikrofaradi 0,1 na rezista ya kiloomu 45 hivi, unapata hezi 50, kama umeme wetu wa nyumba. Kijana wa miaka 17 anaweza kufanya hesabu hiyo kwenye daftari, kisha akaiona inawaka kwa macho yake. Ni vitu vichache ambavyo shule zetu zinamletea mtoto namna hiyo. Kama karatasi ingeandikwa “somo la kuelewa”, ningeisifu na kunyamaza.

Lakini karatasi haikusema somo. Ilisema wati 500. Hapo ndipo uongo unapoanza, na uongo wenyewe unaonekana kwa hesabu ya darasa la sita. Wati 500 kwa volti 12 ni karibu ampea 42. Kifaa cha namna hii kinapoteza nguvu njiani. Tuseme kinarudisha sehemu 80 kwa 100, basi batri inatakiwa kutoa ampea 52. Transfo ya yule kijana iliandikwa ampea 3. Hata ukiwa mkarimu, hapo kuna wati 50 hivi. Waya alizotumia ni zile nyembamba za ampuli za nyumbani, ambazo ampea 52 inazifanya kuwa jiko. Na batri? Batri ya volti 12 yenye ampea-saa 50, ikiwa mpya na imejaa, ina wati-saa 600. Batri ya gari ukiishusha chini ya nusu mara nyingi unaiua, basi tumia 300. Kwa mzigo wa wati 500 unapata nusu saa, nayo ni nusu saa ya kwenye karatasi; batri ya risasi ikivutwa kwa nguvu hutoa pungufu. Samaki haokolewi kwa nusu saa.

Mtu atauliza: basi 500 ilitoka wapi? Ilitoka kwenye transista. Kitabu cha transista ile, IRFZ44, kinasema inaweza kupitisha ampea karibu 50. Mwandishi akazidisha na 12, akapunguza kidogo, akapata namba tamu. Ni kama kusema gari letu linabeba tani 10 kwa sababu bolti za tairi ni ngumu. Ampea zile ni za maabara, transista ikiwa imepozwa mpaka haiwezi kupata moto. Kwenye ubao wa yule kijana hakukuwa hata na kipande cha aluminiamu cha kupozea.

Uongo wa pili ni wa umbo. Karatasi inasema “220 V, 50 Hz, kama umeme wa nyumba”. Si kama. Umeme wa nyumba unapanda na kushuka polepole kama vilima, na kilele chake kinafika karibu volti 311. Umeme wa konvertisa hii unaruka: juu, chini, juu, chini, kama ngazi ya kukata na shoka. Ni wimbi la mraba. Ndani yake kuna wimbi la kweli la hezi 50, lakini pia kuna hezi 150, 250, 350 na kuendelea. Ukifanya hesabu, sehemu 19 kwa 100 za nguvu ziko katika hayo mawimbi ya ziada. Ampuli ya nyuzi haijali. Chaja nyingi za telefone zinavumilia. Lakini mota ya frigo haiwezi kuyageuza kuwa mzunguko. Inayageuza kuwa joto. Na mota hiyohiyo, wakati wa kuanza, inaomba nguvu mara kadhaa kuliko ile iliyoandikwa kwenye kibandiko chake. Konvertisa ya wati 50 inapoombwa hivyo, volti zinaanguka, mota inabaki imekwama, inanguruma. Ndio ule mlio waliodhani ni kazi.

Hapa kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nilijifunza nikiwa nimekwisha kuitwa injenieri. Kijana aliniambia kwa fahari kwamba alipima bila mzigo, akaona volti karibu 240. “Inapita hata ya nguzo, yaya.” Multimeta za bei ndogo hazipimi nguvu ya kweli ya wimbi, zinapima wastani, kisha zinazidisha na 1,11, zikiamini kwamba wimbi ni kilima. Ukizipa wimbi la mraba, zinaongeza sehemu 11 kwa 100 ambazo hazipo. Kwa hiyo mtoto alidanganywa mara mbili, na karatasi, kisha na kipimo. Hakuna mstari hata mmoja kwenye kurasa zile unaomwonya.

Wajuzi wa mikono wanajua dawa yake: kwa batri ya volti 12 wanachagua transfo ya 9-0-9, si 12-0-12. Kwanza kwa sababu transista na waya zinakula kidogo, na volti zinashuka mzigo ukiingia. Mwandishi wa fotokopi hakujua hilo, au alijua na hakuandika. Kati ya hayo mawili sijui ni lipi baya zaidi.

Dosari ya tatu ndiyo inayonikasirisha. Mchoro hauna fyuzi. Batri ya gari ni mnyama mpole ukiiangalia, lakini waya zake zikigusana inatoa ampea mamia kwa mara moja. Fyuzi moja, karibu kabisa na ncha chanya ya batri, ingekata kila kitu kabla pazia halijashika. Mchoro hauna sanduku: volti 220 iko wazi juu ya ubao, na volti 220 zinazotoka kwenye batri zinaua sawasawa na zile za nguzo. Hauna kinga ya kukata batri ikishuka sana. Na hauna lile neno moja: usichomeke kwenye ukuta. Kamba ya vichwa viwili si hatari ya nyumba yako peke yake. Umeme unatoka kwako, unafika kwenye transfo ya barabarani, na kule unapandishwa kuwa volti maelfu. Kuna mtu amepanda nguzo akiamini laini imekufa. Mkewe anamngoja na bukari mezani.

Nimesema wamama wawili na kinu kimoja. Mitwango yao ikishuka pamoja, inagongana. Kwenye konvertisa, transista mbili zikifunguka pamoja, hata kwa nukta ndogo sana, umeme wa batri unapita bure na kuwa joto. Ndiyo maana waliozoea kazi hii wanaacha kipumziko kidogo kati ya zamu na zamu. Fotokopi haina kipumziko. Na nikifikiri vizuri, naona sisi nasi tuliosoma hatukupumzika kidogo kati ya kunakili na kuamini.

Sasa nifike kwenye deni langu. Miaka mingi iliyopita, TFC yangu ilikuwa konvertisa. Kwenye jalada niliandika wati 300. Mbele ya juri niliwasha ampuli moja ya wati 40. Watu wakapiga makofi. Mmoja wa juri alinisahihisha tahajia kwenye ukurasa wa shukrani. Mwingine aliuliza kwa nini sikuweka maelezo ya chini ya ukurasa. Hakuna aliyesema: ongeza ampuli tuone 300. Nilipata distinksio, na nyumbani walichinja kuku. Mchoro wangu niliuchukua kutoka TFC ya aliyenitangulia, naye alikuwa ameuchukua kutoka kwa mwingine. Nilipoishika fotokopi ya kijana nilitafuta jina langu kwa hofu. Halikuwepo. Lakini mkono ulikuwa wetu: mchoro uleule, namba zilezile, hata ule mshale uliochorwa vibaya kwenye transista ya pili. Kutoka 300 yangu mpaka 500 yake, ni uongo uliokua kama mtoto anavyokua, kila mwaka kidogo.

Kwa hiyo anayeniambia “kosa ni la kijana, hakusoma vizuri”, namkatalia. Kijana alisoma vizuri. Alifuata maandishi neno kwa neno. Maandishi yanayomwadhibu msomaji mwaminifu ni maandishi mabaya, hata kama mchoro wake ni sahihi.

Wengine watasema: tuko Kongo, tunaishi kwa Artikele 15, kila mtu ajipange, tukingoja vifaa vya kiwandani tutakaa gizani. Nakubali nusu. Mikono ya vijana wetu ni hazina, na hata konvertisa za dukani za bei ndogo zinaandika wati za kilele, siyo za kazi ya kila saa. Lakini kujipanga si kujidanganya. Artikele 15 haifuti sheria ya Ohm. Fundi wa kweli wa barabarani, yule anayefunga mota bila cheti, anajua hilo kuliko sisi: akikuambia transfo hii itabeba taa tatu, inabeba taa tatu, juu ya kesho utarudi kumtafuta.

Na tusiseme kwamba kazi hii ni ya wazungu tu. Konvertisa kubwa kuliko zote za nchi hii iko kwetu, Kolwezi. Tangu mwaka wa 1982, wakati jimbo lilikuwa linaitwa Shaba, umeme wa Inga unakuja kwa laini ya karibu kilomita 1700, kama mkondo mnyoofu wa kilovolti 500. Kolwezi unageuzwa kuwa mkondo geu kwa ajili ya migodi. Wazo ni lilelile la fotokopi: vifungo vinavyofungua na kufunga kwa zamu, ila kule vinaitwa tiristori. Lakini stesheni ya namna ile haijengwi kwa vifungo peke yake. Kunakuwa na vichujio vya kuondoa yale mawimbi ya ziada, vikata-umeme, vipimo, kinga juu ya kinga. Vifungo ni wazo. Vile vingine vyote ndivyo vinavyofanya wazo likae karibu na watu bila kuwaua. Fotokopi yetu ilichukua wazo, ikaacha mengine, halafu ikaandika namba kubwa.

Kuna swali moja tena ambalo karatasi nzuri ingeuliza kabla ya mchoro: unataka kuwasha nini? Kama ni taa na telefone, huenda huhitaji konvertisa hata kidogo. Kuna ampuli za LED za volti 12. Unazifunga moja kwa moja kwenye batri, na fyuzi yake. Telefone inataka volti 5, na kipande kidogo cha kuchaji cha ndani ya gari kinatosha. Kupandisha umeme kutoka 12 mpaka 220, kisha chaja kuushusha tena mpaka 5, ni kupanda mlima na gunia ili ushuke upande uleule. Kila mara unapoteza njiani. Na kama ni frigo, jibu la ukweli ni kwamba mchoro huu haufai, nukta. Jibu hilo halina utamu, lakini lingeokoa vidole vya mama.

Wiki mbili baada ya moto, kijana alirudi kwangu. Hakutaka kuacha. Tulianza upya, tukiwa na kalamu kabla ya chuma cha kulehemu. Tulitafuta transfo ya 9-0-9, tukaweka kipande cha aluminiamu, fyuzi ya ampea 5 karibu na batri, sanduku la mbao lililofungwa. Tulipima na mzigo, ampuli moja kisha nyingine, tukishika transfo kwa mkono kila robo saa. Mwishoni tulikubaliana wati 40. Aliandika mwenyewe kwa kalamu nene juu ya sanduku: WATI 40. TAA NA TELEFONE TU. USICHOMEKE UKUTANI. Kisha akabaki anaiangalia ile 40, kama mtu aliyeshushwa darasa. Nikamwambia kwamba ni namba ya kwanza ya kweli ambayo mchoro ule umewahi kubeba tangu nianze kuujua.

Mama yake alikuja kuona. Alisoma polepole, herufi kwa herufi. “Injenieri, iyi haiongopi?”

“Hapana, mama. Inasema 40, na ni 40.”

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye meza yake ya samaki. Sasa anawanunua asubuhi kidogokidogo, wale anaoweza kuwamaliza kabla ya jioni. Frigo iko nje, chini ya mwembe, ubavu mweusi. Mota mpya bado tunaitafuta.

Wandugu, ombi langu ni hili. Kila mmoja wetu mwenye TFC ya namna hii aitoe sandukuni, aifungue kwenye ukurasa wa wati, na aulize kama alipima. Mimi nimekwisha kufungua yangu. Nimekata 300 kwa bic, nikaandika 40 pembeni, na tarehe. Kama kuna kioski inayouza nakala yake karibu na shule yenu, niambieni, nitakuja na bic hiyohiyo. Na mwenye kuona kwamba nimekosea hesabu hapo juu, anisahihishe mbele ya wote. Ila aje na vipimo, vilivyopimwa mzigo ukiwa umefungwa.